Shamba Lao Liko Wapi

Fulana ile bado ninayo. Ni ya kijani, mgongoni imeandikwa PAMOJA KWA HAKI kwa herufi kubwa, na niliivaa mpaka kwapa zikapauka. Siku hizi nadekia nayo. Mwanangu akimwaga uji, nachukua haki nafuta. Nikisema hivyo watu wanacheka, wananiona mkali. Ni kweli mimi mkali. Ila najua ukali wangu unamkimbia nani.

Wanafunzi wa chuo walikuja kwetu Bugarama mwishoni mwa kiangazi, ardhi ikiwa ngumu kama tofali. Walijaza basi dogo zima. Walikuwa wanasomea maendeleo ya jamii, na likizo yao, badala ya kwenda makwao kulala, waliamua kuja kutumikia watu. Hilo silidharau mpaka leo. Walilala chini kwenye ukumbi wa parokia, wakaoga kwa ndoo, wakala maharage mchana na jioni bila kununa. Na walichokisema walikiamini. Walisema mjane ana haki kwenye shamba la mumewe. Walisema msichana aliyezaa ana haki ya kurudi darasani, na walipolisema hilo mishipa ya shingo ilisimama. Mimi nilizaa nikiwa kidato cha tatu, nikarudi shuleni maziwa yanavuja kwenye shati jeupe. Ningewachukiaje? Niliwapenda siku ya kwanza.

Walihitaji mtu wa kuwatafsiria. Kiswahili chetu ni cha shule, soko na ofisi ya kata. Wazee wanacho cha kununulia chumvi na cha kusalia kanisani, lakini ukiwakalisha mkutanoni uanze kuwaeleza mirathi, wanakuitikia "ndiyo" ili umalize haraka. Kihangaza ndiyo lugha ya kuwafikia. Mwenyekiti wa kitongoji akanitaja mimi. "Ana kidato cha nne," akasema, "ana mdomo, na hana mume wa kumkataza." Hilo la tatu alilisema kama sifa. Baba wa mtoto alikuwa ameshakwenda kuchimba dhahabu upande wa Biharamulo, na simu yake ilikuwa imeshaacha kupatikana.

Kiongozi wa wanafunzi alikuwa binti mrefu, Msukuma, rika langu kabisa. Yeye yuko mwaka wa pili chuoni, mimi nina mtoto mgongoni na cheti cha daraja la nne. Jioni ya kwanza alinishika mkono akaniambia, "Dada, wewe una akili sana. Hujawahi kuambiwa?" Sikuwahi kuambiwa. Niliambiwa nina mdomo. Basi akanipa ile fulana, nikawa wa kwao. Nikitembea nao barabarani nilikuwa naongeza sauti ili watu wasikie Kiswahili changu.

Siku ya pili au ya tatu akaniuliza, "Dada, hapa kijijini ni nani mwenye hali ngumu kuliko wote? Tunataka kumlimia."

Sikufikiri hata kidogo. Nikanyoosha kidole kwenye nyumba ya jirani yangu.

Jirani yangu ni mjane, bibi wa watu, mgongo umepinda kama mundu. Watoto wake wawili wako makaburini, wa tatu alivuka kwenda Burundi na hajaonekana tena. Niliporudi shuleni na mtoto wa miezi michache, mama yangu mzazi hakutaka hata kuninunulia daftari. Bibi huyu ndiye alikuwa anambeba mwanangu asubuhi, anakwenda naye mpaka nje ya uzio wa shule, anakaa kwenye nyasi chini ya mikaratusi, anangoja kengele ya mapumziko. Nikitoka natoa ziwa, mtoto ananyonya, wenzangu wanapita wanaguna, na bibi anawatolea ulimi. Bila yeye hicho cheti cha daraja la nne nisingekuwa nacho. Kwa hiyo nilipomnyooshea kidole nilijiambia namlipa fadhila. Nilikuwa namlipa kwa mikono ya watu wengine, bila mimi kutoa jasho, na nikiwa nimevaa fulana.

Sasa kuna jambo ambalo sikuwaeleza wanafunzi, nalo ndilo nililopaswa kuwaeleza kabla ya mengine yote.

Wanawake wa kwetu tunalima kwa ikibiri. Leo wote kwangu, kesho wote kwako, keshokutwa kwa mwingine, mpaka mzunguko uishe. Halipwi mtu. Unatoa siku, unapokea siku. Usipokuja kwangu, sitakuja kwako, na shamba lako mvua italikuta limelala. Bibi yule alikuwa ndani ya ikibiri tangu wengi wetu hatujazaliwa. Jembe lake siku hizi halipandi juu zaidi ya goti, lakini hakuwahi kukosa. Alikuwa anatembea nyuma yetu akidondosha maharage kwenye mashimo na kuyafukia kwa kisigino, akitutukana kwa kuchimba vibaya, na siku yake ilihesabiwa siku nzima sawa na ya mwanamke mwenye nguvu za fahali. Hakuna aliyemwona ni mtu wa kuhurumiwa. Siku zake alikuwa nazo, anazitoa, anarudishiwa.

Wanafunzi walikuja asubuhi wakiimba. Vijana wa mjini walikuwa wanashika jembe kama fagio, mmoja akajikata kucha ya dole gumba, akacheka huku anachechemea. Kila tulipogeuka kuna mtu anapuliza malengelenge. Bibi alitoka mlangoni akawaangalia kwa muda, akarudi ndani, akatoka na jembe lake. Akaja kusimama kwenye mstari. Yule binti akamfuata, akalichukua jembe mikononi mwake taratibu, kwa heshima zote, akamwambia, "Hapana, bibi. Leo pumzika. Leo ni siku yako."

Wakamletea kiti. Bibi akakaa kwenye kiti katikati ya shamba lake mwenyewe, mikono imelala mapajani, hana la kufanya.

Walipomaliza wakajipanga mstari, jasho linawatiririka, wanacheka, wameshikana mabega. Simu zikainuliwa. Godoro likaletwa na sabuni miche kadhaa. Bibi akainuka kwenye kiti, akanigeukia mimi, akasema kwa Kihangaza, "Waulize, shamba lao liko wapi? Waulize wanalima lini, nije."

Nilimwelewa vizuri kabisa. Hakuna mtoto wa kwetu asiyemwelewa mtu anayeuliza hivyo.

"Anasema nini?" binti akauliza. Macho yake yalikuwa yamejaa. Simu zilikuwa zimenielekea mimi.

Mpaka leo najiuliza nilimwonea nani aibu pale. Niliwaona kichwani mwangu wakicheka, "jamani bibi anataka kuja kutulimia!" Nilijiona mimi nikiwa mtafsiri wa watu washamba. Na wao walikuwa wanangoja shukrani, walikuwa wameshatengeneza nyuso za kupokea shukrani. Nikawapa.

"Anasema Mungu awabariki," nikasema.

Wakapiga makofi. Bibi akanitazama. Kiswahili cha kanisani nilishasema anacho.

"Mimi nimesema hivyo?" akaniuliza.

"Ndiyo maana yake, bibi."

 Akaingia ndani, na godoro likabaki nje mpaka vijana walipoliingiza wenyewe.

Wanafunzi wakaondoka. Binti alinikumbatia akalia, mimi pia nililia. Mvua za kwanza zikaja, na wanawake wa ikibiri tukakutana kupanga mzunguko. Anayetuongoza ni mama mmoja mwenye kifua kipana na sauti ya kuitia ng'ombe. Akaanza kutaja mashamba, huyu wa kwanza, huyu wa pili, mimi wa tatu. Alipofika kwa bibi akasita.

"Huyu tumruke," akasema. "Kwake kumeshalimwa na wasomi."

Watu wakacheka. Bibi hakuwepo, alikuwa na homa.

"Na godoro kapewa," mwingine akadakia. "Sisi tulale wapi, kwenye ncha za majembe?"

"Godoro si hoja," akasema mama kiongozi. "Hoja ni hii. Wale watoto wamemlimia kutwa. Amewarudishia nini? Ameuliza hata kwao ni wapi? Amekaa kwenye kiti kama bibi harusi, anapigwa picha. Mtu akishajua utamu wa kulimiwa bure, kesho atakuja kwenye shamba langu?"

"Amezeeka," mwingine akasema, kama vile hilo limegunduliwa asubuhi ile.

Mimi nilikuwa nimekaa palepale, mtoto ananyonya. Nilikuwa na maneno mdomoni. Aliuliza, jamani, aliuliza mbele yangu. Hayo tu. Lakini ningeyasema hayo ningetakiwa kusema na yaliyofuata, na zamu yangu ilikuwa ya tatu, na mimi si mtu mwenye kaka wala mume wa kunilimia. Nikamhamisha mtoto ziwa la kulia kwenda la kushoto. Mdomo wangu wote ule unaosifiwa, siku ile ulikuwa na kazi ya kunong'oneza mtoto anyonye.

Basi ikapita. Bibi akarukwa.

Wiki iliyofuata nilimwona shambani kwake peke yake. Shamba lile la wasomi mvua mbili tatu zilikuwa zimeshaliumbua. Walikuwa wamekatakata sangari, gugu lile la mizizi kama uzi, na kuifukia badala ya kuing'oa, na kila kipande kilichokatwa kikaota. Lilikuwa limechanua kijani kuliko lilivyokuwa kabla ya kulimwa. Bibi alikuwa amepiga magoti kwenye tope, anang'oa uzi mmoja mmoja. Mbegu zake za maharage zilikuwa kwenye ungo pembeni, amezifunika kwa jani la mgomba. Kila mtu anajua mvua za kupandia maharage hazimngoji mtu.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. Tangu nizaliwe hajawahi kuacha shikamoo yangu ianguke chini.

"Bibi, shikamoo."

"Kwani mimi nimekufa lini?" akasema bila kuinua kichwa.

"Hujafa, bibi."

"Mbona nilichimbiwa? Anayechimbiwa na watu asiowarudishia ni maiti. Wamekuja, wamechimba, wameimba, wamepiga picha, wameondoka. Kilichokosekana ni msalaba." Akang'oa sangari, akaikung'uta. "Na wewe ndiye uliyekuwa padri."

Nikapiga magoti nianze kumsaidia. Akaniambia niondoke shambani kwake. Hakunifokea. Alisema kama unavyomwambia mtu aliyekosea nyumba.

Nilirudi nyumbani na hasira, na hasira ikitafuta pa kwenda huwa haikosi. Nikapanda kilimani kwenye mtandao, nikampigia yule binti.

"Dada yangu jamani! Nimewamisi! Bibi hajambo?"

Nikamwaga. Nikamwambia bibi wa watu mmemfanya ombaomba. Nikamwambia mmelima kama panya, shamba lote sangari. Nikamwambia mmemtoa kwenye ikibiri, mwaka huu hatavuna maharage, na haki yenu mliyoiandika mgongoni mje muipike ale. Nilisema mpaka mtoto mgongoni akaanza kulia. 

Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Dada, nisamehe. Nitaongea na wenzangu tuchangishane nauli. Tutarudi tumlimie tena."

"Usirudi na jembe!" nikapiga kelele. "Ukija na jembe nitakupiga nalo!"

Akalia, nami nikakata simu. Nikakaa juu ya jiwe, namnyamazisha mtoto, na hapo ndipo nilipojisikia vibaya kuliko siku zote. Nilikuwa nimemsomea yule binti makosa yake yote na langu sikuligusa. Lile jembe alilomnyang'anya bibi alilichukua kwa upendo, hakujua. Mimi nilijua. Angesikia swali la bibi siku ile, huenda angecheka, huenda angejibu, lakini angekuwa amelisikia. Nililizuia njiani kama mgambo kizuizini.

Zamu yangu ikafika. Asubuhi wanawake wakaja shambani kwangu na majembe begani, ukungu bado umefunika mabonde, wanapiga soga, wanamtania mwenzetu mmoja ambaye mumewe alirudi kutoka kilabuni amevaa viatu vya mwanamume mwingine. Mama kiongozi akatema mate viganjani, tayari kuanza.

"Subirini kwanza," nikasema. "Siku hii si yangu. Twendeni kwa bibi."

"Siku si kitenge," akasema mama kiongozi, "uvue umpe mwenzio. Chimba."

"Aliuliza."

"Nani aliuliza nini?"

"Bibi. Siku ile ya wanafunzi. Alisema niwaulize shamba lao liko wapi, na wanalima lini, aende. Mimi sikuwaambia. Niliwaambia anasema Mungu awabariki."

 Mtu mmoja huko nyuma akashindwa kujizuia. "Ehe, na Mungu alikutuma lini?" Vicheko vikapasuka, hata mimi karibu nicheke, lakini mama kiongozi hakucheka. Alinisogelea mpaka nikasikia harufu ya tumbaku yake.

"Alisema 'nije'? Neno hilo?"

"Neno hilo. Wanalima lini, nije."

"Na sisi tulipokuwa tunamruka ulikuwa umekaa wapi?"

"Karibu yako, mama."

Alinitazama muda mrefu. Nadhani alikuwa anafikiria kunipiga kofi, na ningelipokea. Badala yake akaweka jembe lake begani. "Tumemtoa mtu aliyeuliza," akawaambia wenzake, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ndogo. Kwangu akasema, "Wewe utakuwa wa mwisho. Na kwenye kila shamba utakuwepo, ukiugua uje unaugua."

Tukashuka wote mpaka kwa bibi. Hakuna aliyeomba msamaha, kwetu wanawake hawaombani msamaha kwa maneno wakiwa na majembe mkononi. Mama kiongozi alisimama mbele ya mlango akaita, "Bibi! Mbegu ziko wapi?" Bibi akatoka, akatutazama kundi zima, akatuacha tusimame vya kutosha. Kisha akaingia ndani, akarudi na ungo. Tuling'oa sangari mpaka vidole vikachubuka, na nyuma yetu nikasikia kisigino chake kikifukia mbegu na mdomo wake ukisema, "Shimo gani hili, unazika mbwa?" Nilitaka kulia kwa raha. Ila kila akipita kwangu alikuwa ananyamaza.

Maharage yangu mimi yalipandwa mwisho. Yalitoa maua, jua likayakuta, maua yakadondoka. Nilivuna ya kujaza sufuria moja tu. Sidai kwamba nilionewa.

Nikadhani yameisha. Siku moja bibi akaja kwangu, akasimama uani, akasema, "Piga simu."

"Kwa nani, bibi?"

"Kwa yule aliyeninyang'anya jembe. Kwenu nyie nimerudi. Kwao bado."

Nikampigia. Baada ya yale niliyomwambia nilifikiri hatapokea, akapokea kabla haijaita mara ya pili. Nikamwambia, "Nipo na bibi. Anauliza shamba lenu liko wapi, na mnalima lini. Anataka kuja kurudisha siku."

Akacheka kidogo, cheko la wasiwasi. "Dada, mwambie si lazima. Sisi tulijitolea."

"Siwezi kumwambia hivyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hilohilo alikuuliza siku ile ile, nami nikakudanganya." Nikamweleza yote, bibi kasimama hapo, mkono kiunoni. 

"Kumbe hakusema Mungu atubariki," akasema.

"Hakusema."

 Alipoongea tena, sauti ilikuwa imebadilika, haikuwa tena ya mkutanoni. "Mama yangu ana mahindi. Kule kwetu Biharamulo. Palizi imemshinda, yuko peke yake, kaka zangu wako na ng'ombe. Likizo ile nilimuaga, nikamwambia nakwenda kutumikia jamii."

Nikamtafsiria bibi neno kwa neno. Bibi akaguna. "Mwambie nakuja. Wale wenzake wengine waendelee kubarikiwa."

Tulipanda gari la alfajiri, bibi, mimi na mtoto, tukabadilisha kwenye barabara ya lami ya malori ya Rwanda. Bibi alikuwa amefunga jembe lake kwenye kanga, mpini umechomoza. Kondakta akamtania, "Bibi, unakwenda kuchimba dhahabu?" Nikamtafsiria. "Mwambie nakwenda kazini," akajibu, "na yeye aangalie barabara." Stendi ya Biharamulo nilijikuta naangalia nyuso za wanaume wenye mabuti ya tope, kwa mazoea tu. Yule binti alikuwa ameshatoka chuoni, anatungoja. Amekonda. Alimpigia bibi magoti akamwamkia, na bibi akaitikia.

Kwao ni nje ya mji, watu waliotoka Shinyanga na ng'ombe zao zamani. Mama yake alitupokea kwa mikono miwili, kama vile sisi ni wageni wa harusi. Binti alipomweleza tumefuata nini, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Jamani bibi! Sisi tunalima kwa plau! Tunalima kwa ng'ombe!"

Nikatafsiri. Bibi akatazama mahindi yaliyoonekana nyuma ya zizi, yamesongwa na majani mpaka kiunoni.

"Na hayo, ng'ombe wanapalilia?"

Nikatafsiri na hilo. Yule mama akaacha kucheka, akaenda kutuonyesha mstari wa kwanza.

Tulipalilia watano, bibi, mimi, binti, mama yake, na mtoto wangu aliyekuwa anang'oa mahindi yenyewe mpaka tukamfunga kwa kanga kivulini. Bibi alikwenda taratibu sana. Udongo wao ni wa mfinyanzi, unashika jembe, na kila alipoinua nilisikia mifupa. Nilikuwa mstari wa pembeni yake. Hiyo ndiyo palizi ndefu kuliko zote nilizowahi kulima, kwa sababu kila jembe lake nililisikia mgongoni mwangu. Mwanamke wa umri ule amesafiri wilaya nzima kuja kuinama kwenye shamba la watu asiowajua, kwa ajili ya sentensi moja ambayo nilikuwa na uwezo wa kuisema kwa pumzi moja.

Jua lilipokaza, binti aliacha mstari wake akamjia bibi, mkono umeshanyooka kwenye mpini. "Bibi, pumzi..." Akaishia hapo. Akaurudisha mkono wake mwenyewe, akarudi kwenye mstari wake, kichwa chini. Bibi hakumtazama, lakini nilimwona anayatabasamia magugu.

Jioni wakatuandalia ugali wa muhogo na maziwa ya mgando. Bibi akala, akanywa, akafuta mdomo, akasema maneno kadhaa kwa Kihangaza akiwa ameniangalia mimi.

"Anasema nini?" akauliza mama yule, kwa uso uleule wa kungoja shukrani. Binti naye akainua kichwa. Ila yeye hakuwa anamtazama bibi, alikuwa ananitazama mimi.

"Anasema maziwa yenu yananuka moshi," nikasema. "Na anasema magugu ya upande wa bondeni mmeyaacha mpaka yamezaa watoto, huo ni uvivu. Na anasema sasa hatudaiani."

Mama yule akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwambie ni kweli! Mwambie ni kweli tupu!" Bibi akamwegemea binti, akamshika kidevu, akalirudia lile neno la mwisho, nami nikalitafsiri mara ya pili, hatudaiani. Binti akaubana mkono wa bibi kwenye shavu lake.

Nikangoja. Nilikuwa nimekaa katikati yao, mtoto amelala mapajani, na nilikuwa nangoja bibi anigeukie na mimi, aniambie hivyohivyo. Akainuka, akakung'uta kanga yake, akachukua jembe lake lililokuwa limeegemezwa ukutani, akanipa nimbebee.